Kabati Namba Sabini na Tatu

Ndwiga hakuwa na gari wala baiskeli. Hakuwa na jino moja la mbele, upande wa kushoto. Hakuwa na mke, kwa kuwa yule aliyekuwa naye alienda kwao Gachoka mwaka wa ukame kumwona mama yake na hakurejea. Hakuwa na futi yake mwenyewe ya kupimia. Aliyotumia ilikuwa ya stoo, na sentimita tatu za mwanzo zilikuwa zimekatika, hivyo kila kipimo alikianzia kwenye tatu na mwishoni akatoa tatu. Hakuwa na mahali pa kutundika koti lake akifika kazini. Na kwa miaka kumi na saba aliyokuwa mtunza stoo katika kiwanda cha makadamia, nje kidogo ya mji wa Embu kwenye barabara ya kwenda Meru, hakuwa na barua ya ajira ya kudumu. Alipewa mkataba wa miezi mitatu, kama wanawake wa kuchambua. Mkataba uliisha siku ya Ijumaa, mwingine ukaanza Jumatatu, na kati ya siku hizo hakuwa mfanyakazi wa mtu yeyote.

Alichokuwa nacho ni mwandiko. Alianza kusoma akiwa na miaka thelathini na minne, katika shule ya ngumbaru, jioni baada ya kazi, akikalia kiti cha mtoto wa chekechea na magoti yakigusa kidevu. Mtihani wa kidato cha nne aliufanya akiwa na arobaini na sita. Tangu hapo barua zote za kiwanda aliziandika yeye, na meneja akaweka sahihi tu.

Asubuhi moja ya Mei, meneja huyo, Gitari, alimwita ofisini akamweleza kwamba wakaguzi wa wanunuzi wa ng'ambo wamelalamika. Wachambuzi huvaa overoli zisizo na mifuko, ili asitoke mtu na punje, na kwa sababu hiyo kila kitu chao, leso, simu, kopo la chakula, kilining'inia ndani ya mifuko kwenye misumari ukutani, nje, chini ya ukingo wa mabati. Mvua ya mlimani huja kwa ubavu. Wakaguzi walitaka kila anayefanya kazi awe na kabati lake lenye mlango na ufunguo kabla ya Agosti. Ndwiga ayatafute makabati hayo, ayachague, na aandike yawe ya namna gani na yawe mangapi.

"Usiniletee ya fundi wa barabarani," Gitari alisema. "Yawe ya kiwandani, yote sawa. Ukiifanya hii vizuri, mzee, tutaiangalia ile barua yako."

Idadi ndiyo iliyokuwa ngumu. Rejista ya ofisi ilikuwa na majina kumi na tisa tu, ya wenye kazi ya kudumu. Waliobaki waliandikwa kwenye makaratasi yaliyotupwa kila baada ya miezi mitatu. Mtu mwingine angesimama mlangoni na kuwahesabu wakiingia. Lakini Ndwiga alizaliwa Mbeere, na alijua tangu utotoni kwamba watu hawahesabiwi kwa kidole. Ukiwahesabu unawapunguza. Alimwuliza Felicitas, msimamizi wa meza za kuchambua, kama anajua watu wake ni wangapi. Felicitas alimjibu kwamba wanatosha. Kwa hiyo saa nne, kila mtu akiwa ndani, Ndwiga alitoka nje akahesabu mifuko kwenye misumari, kwanza kutoka kushoto, kisha kutoka kulia. Ilikuwa sabini na mitatu mara zote mbili.

Alikwenda Meru siku ya Alhamisi. Duka la makabati lilikuwa chini ya soko la Gakoromone, na mwenyewe alikuwa mwanamke aitwaye Kiende, mwenye penseli kwenye nywele na vipande vya bodi vya kila rangi kwenye meza. Nyuma ya duka mashine ilikuwa ikikata. Kiende alimwonyesha rangi ya maziwa, rangi ya mti wa mvinje, rangi ya kijivu. Ndwiga alipiga magoti sakafuni akatazama chini ya kabati la maonyesho.

"Wazee wenye tai huniuliza rangi," Kiende alisema. "Wewe ndiye wa kwanza kuniuliza miguu."

"Nilifagia miaka sita kabla ya kupewa stoo. Uchafu haukai kwenye rangi."

Kiende alicheka akamvutia kiti. Alimweleza kwamba wateja wengi hununua bodi ya kawaida, nyeupe nje na vumbi la mbao ndani. Sakafu ya kiwanda huoshwa kwa maji kila jioni, na bodi ikishakunywa maji haiwezi kutapika. Inavimba, mlango unakataa kufunga, na mwaka haujaisha. Akamwonyesha nyingine, ya kijani ndani, iliyotengenezwa kwa ajili ya unyevu, yenye ukingo uliozibwa kwa utepe wa plastiki pande zote nne, hata upande wa nyuma usioonekana. Ndwiga alipitisha ukucha kwenye utepe mara nyingi. Kisha Kiende akachomoa penseli kichwani akauliza watu ni wangapi.

"Mifuko ni sabini na mitatu," Ndwiga alijibu.

Kiende alikuwa Mmeru, na kwao pia watu hawahesabiwi. Aliandika sabini na tatu na hakuuliza zaidi.

Maelezo aliyoyaandika Ndwiga yalijaza kurasa nne. Makabati yasimame juu ya miguu ya chuma yenye urefu wa sentimita kumi na tano, ili maji na ufagio vipite. Paa la kila kabati liwe mteremko, ili asitokee mtu wa kuweka viatu juu. Ndani pawe na rafu moja ya chakula, tena isigusane na sehemu ya viatu. Bawaba ziwe tatu kwa kila mlango, kwa kuwa mbili hulegea. Funguo ziwe mbili, mmoja kwa mwenyewe na mmoja stoo. Na kila mlango ukatwe matundu marefu ya hewa, matatu juu na matatu chini, yenye upana wa kupitisha hewa lakini si vidole. Aliandika usiku tatu, akafuta, akanakili upya kwa wino mweusi. Gitari aliyasoma akiwa amesimama, akasema hajawahi kuona kabati likiandikwa vizuri kiasi hicho, akaweka sahihi.

Yaliletwa wiki ya kwanza ya Julai, yakapangwa kwenye chumba kilichokuwa cha magunia. Felicitas aliwagawia watu funguo. Ilipofika saa sita, wote walikuwa na makabati, na moja likabaki. Ndwiga alidhani amekosea. Felicitas alimshika mkono wa shati, akamtoa nje hadi kwenye msumari wa mwisho. Hapo palikuwa na kikapu cha nailoni cha kijani chenye leso na kandambili ndani. Kilikuwa cha Ciakuthii, na hakuna aliyekuwa na moyo wa kukitoa.

"Ulimhesabu," Felicitas alisema.

Ciakuthii alikuwa amefariki mwezi wa Machi.

Ilikuwa Jumapili, mikataba ya zamani imekwisha Ijumaa na mipya ikingoja Jumatatu. Mdomo wa chini wa ghala refu la kukaushia makadamia uliziba, na Gitari akampigia Ndwiga simu kwamba atafute mtu mwepesi, anayeishi karibu, aingie juu na mti azisukume makadamia. Ndwiga alimpigia Ciakuthii, ambaye alikuwa mwembamba na alikodi chumba ng'ambo ya barabara. Alikuja na gauni lake la nyumbani, kwa sababu overoli zilirudishwa Ijumaa. Ndwiga alimfungulia geti, akampa mti, akaenda stoo kuleta kamba ya kumfunga kiunoni. Aliporudi na kamba, makadamia zilikuwa zimeshuka naye. Alizichota kwa debe peke yake kwa muda wa saa moja.

Walimkuta na makadamia mdomoni, masikioni na mifukoni mwa gauni. Kwenye kitabu cha matukio Gitari aliandika kwamba mtu asiye mfanyakazi aliingia kiwandani bila ruhusa, siku isiyo ya kazi, na kwamba alikutwa na makadamia mifukoni. Ndwiga aliusoma ukurasa huo wiki ileile. Haukuwa na kosa hata moja la tahajia.

Felicitas alikitia kikapu ndani ya kabati namba sabini na tatu, akalifunga, akampa Ndwiga funguo zote mbili.

Kesho yake, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, Ciakuthii alikuja kwenye dirisha la stoo akaomba ufunguo wake. Alikuwa na gauni lile lile, limefuliwa. Ndwiga alimpa kitabu cha funguo, naye akaweka kidole gumba mahali pa sahihi, kama alivyofanya sikuzote. Wino ulikauka polepole kuliko wa wengine.

Alipofungua kabati, makadamia zilimwagika. Zilikuwa zenye maganda, mbichi za Machi, zenye unyevu, kiasi cha debe moja, na zilibingirika chini ya makabati hadi ukuta wa pili. Wanawake wawili walileta mafagio. Miguu ya sentimita kumi na tano iliwarahisishia kazi. Ciakuthii alitoa kandambili kikapuni, akazitia sehemu ya viatu, akafunga leso, akaenda kwenye meza ya tatu. Nafasi yake ilikuwa wazi. Tangu Machi hakuna aliyesogea kuijaza.

"Umechelewa, Mama Rwamba," Felicitas alimwambia, akimpa overoli.

"Njia ilikuwa ndefu."

Wanawake walimkaribisha kwa jinsi yao. Mmoja alisema ana bahati, hatahangaika tena na chakula cha mchana. Mwingine alisema kwamba angalau huyu sasa hawezi kufutwa kazi.

"Huwajui wa ofisini," Felicitas alijibu, na meza yote ikarudi kwenye kazi.

Ikawa hivyo kila siku. Alifika kabla ya king'ora na kuondoka baada yake. Mikono yake ilikuwa baridi, na walioketi karibu naye waliona kwamba mafuta ya makadamia hayakuwayeyukia tena vidoleni. Hakuomba ruhusa ya kwenda msalani. Kila asubuhi kabati lake lilikuwa limejaa upya, na kila asubuhi zilimwagika. Gitari aliagiza zipimwe, zipelekwe kukaushwa, na ziandikwe kwenye kitabu. Ndwiga ndiye aliyeandika, na maneno alipewa: makadamia zilizokutwa kabatini mwa Ciakuthii. Kufikia mwisho wa mwezi kulikuwa na kurasa mbili za maneno hayo, moja chini ya lingine.

Unyevu ulikuwa mwingi, lakini bodi haikuvimba. Ndwiga aliikagua kila Jumamosi kwa ukucha.

Rwamba, binti wa marehemu, alikuja katikati ya Agosti. Alikuwa akiuza ndengu na kunde katika soko la Ishiara, na alifika na vumbi la huko hadi kwenye nyusi. Kwanza alimwamkia mama yake kupitia wavu wa dirisha la chumba cha kuchambua. Walizungumza Kimbeere kwa muda mfupi, kuhusu mbuzi na kuhusu paa la jikoni, kisha mama akasema ana meza ya kumaliza. Ndipo Rwamba akaja stoo.

Alimweleza Ndwiga kwamba neno lile la kitabu lilifika Ishiara kabla ya jeneza. Wanawake wa kanisa walikuja mazishini bila vitambaa vyao vya chama, kama wanavyokwenda kwa mtu wasiyemjua. Sokoni, akipita kati ya wauzaji, wenzake hufunika magunia kwa kanga, halafu hucheka, halafu hufunua. Mwishoni mwa Septemba, Jumapili ya mwisho, majina ya wanachama waliofariki mwaka huo yangesomwa mbele ya kanisa. La mama yake halikuwa kwenye orodha. Padri alikuwa amesema kwamba likija neno la maandishi kutoka kwa mtu aliyekuwepo, kwamba Ciakuthii aliitwa kazini siku ile, yeye mwenyewe atalisoma kutoka mwanzo hadi mwisho, kisha atalisoma jina.

Ndwiga alimwuliza kama mama yake hawezi kulisema mwenyewe, maadamu yupo. Rwamba alisema alimwuliza chifu jambo hilo. Chifu alijibu kwamba mtu hawezi kuwa shahidi wa kifo chake mwenyewe, kwa kuwa atajipendelea.

"Sitaki kitu kingine, baba," Rwamba alisema. "Mama aliniambia ni wewe uliyempigia simu. Andika tu hilo."

Ndwiga alimwambia ataandika. Aliona aibu kwamba ilibidi aombwe. Jioni hiyohiyo, chumbani kwake, aliandika barua ya ukurasa mmoja: kwamba yeye, Ndwiga, kwa agizo la meneja, alimpigia simu marehemu, akamfungulia geti, akampa mti, na akaenda kutafuta kamba. Aliisoma kwa sauti. Ilikuwa barua nzuri. Hata hivyo aliona kwamba sentensi ya pili ilikuwa ndefu, na aliamua kuilaza hadi kesho.

Wakaguzi walikuja wiki iliyofuata, wanaume wawili wenye kofia za karatasi. Walifurahia paa la mteremko. Walifurahia rafu ya chakula. Mmoja wao aliyapiga picha matundu ya hewa na kuuliza nani aliyefikiria jambo hilo, na Ndwiga aliinua mkono kama mwanafunzi. Walipofungua kabati namba sabini na tatu, makadamia zilizokwisha kujaa upya ziliwamwagikia kwenye viatu. Wakangoja zikome, wakatazama ndani, wakaona kandambili na kikapu, wakauliza mkataba wa mwenye kabati hili uko wapi. Haukuwepo. Waliandika kasoro moja.

Gitari hakupenda kasoro. Kesho yake Ciakuthii aliitwa ofisini akapewa mkataba wa miezi mitatu, uliorudishwa nyuma hadi Julai, na akaweka kidole gumba. Ndwiga aliuandika. Moyo wake ulisisimka kidogo alipoandika neno mfanyakazi karibu na jina hilo. Alimwuliza Gitari, kwa upole, kama sasa ule ukurasa wa Machi hauwezi kurekebishwa, maana aliyeandikwa humo kuwa mtu wa nje ni mfanyakazi.

"Ni mfanyakazi tangu Julai," Gitari alisema. Alifikiri kidogo, hakuwa na hasira. "Nasikia binti yake alikuja kwako. Mimi sikukatazi kuandika, mzee. Lakini siku ile sikumpigia mimi simu. Ulimpigia wewe. Geti ulilifungua wewe, na kamba ulikuwa nayo wewe. Ukiandika, andika jina lako vizuri, tulisome."

Kisha alivuta droo akamwonyesha karatasi. Ilikuwa barua ya ajira ya kudumu, yenye nembo ya kiwanda, jina la Ndwiga na tarehe ya kwanza Oktoba. Haikuwa na sahihi bado. Gitari alisema anangoja tu mwezi uishe vizuri.

Ndwiga aliendelea kuisahihisha barua ya Rwamba. Sentensi ndefu aliigawa mara mbili. Kamba aliiondoa, kwa kuwa padri hangejua ni kamba ya nini, na ingehitaji maelezo. Wiki ya pili aliondoa agizo la meneja, ili barua isionekane ya uchochezi. Mahali palipokuwa na simu aliandika kwamba marehemu alipata habari. Mahali palipokuwa na geti aliandika kwamba marehemu alifika. Kila nakala ilikuwa safi kuliko iliyotangulia, na fupi. Katikati ya Septemba ilikuwa na mistari minne, na hakuna hata mmoja ambao mwalimu wake wa ngumbaru angeuwekea alama nyekundu. Lakini alipoisoma kwa sauti aligundua kwamba haisemi lolote. Akairudia ile ya kwanza, yenye simu na geti na kamba, akainakili upya, akaikunja, akaitia kwenye bahasha aliyoiandika Parokia ya Ishiara. Hakuifunga.

Rwamba hakuja tena. Alituma ujumbe kwa simu mara moja kwa wiki. Wa mwisho ulisema kwamba orodha ya majina inafungwa Jumamosi jioni, na kwamba mwenye pikipiki ya mizigo aitwaye Mithika atapita kiwandani Ijumaa saa kumi na moja akielekea Ishiara, na anaweza kubeba bahasha.

Ijumaa hiyo ndiyo iliyokuwa mwisho wa mikataba. Tangu asubuhi Ndwiga alichapa barua za kuwashukuru watu kwa huduma yao na kuwaarifu kwamba hawana kazi. Wale waliotakiwa kurudi Jumatatu wangeambiwa kwa mdomo, kama kawaida. Gitari aliagiza ziwe za makabati yote, isiruke hata moja, kwa kuwa wakaguzi wataangalia faili. Baada ya agizo hilo alivuta droo, akaichukua ile karatasi, akaiweka mezani mbele yake, kalamu juu yake.

Saa kumi barua ziligawiwa. Wanawake walizipokea bila kuzisoma na kuzitia mikobani, wakarudisha overoli, wakatoa kandambili, wakafunga makabati yao. Walitaniana kuhusu Jumatatu. Felicitas alikuwa na yake, naye aliitia kifuani. Ciakuthii peke yake alikuwa bado mezani. Alikuwa na sinia moja ya punje zilizovunjika ambayo hakupenda kuiacha.

Saa kumi na nusu alikuja kwenye dirisha la stoo kurudisha overoli. Bahasha ya Parokia ilikuwa mezani, chini ya futi iliyokatika. Aliitazama. Hakujua kusoma, lakini alijua ni ipi.

"Umeshamwandikia?" aliuliza.

"Bado naisahihisha."

Ciakuthii alitikisa kichwa kwa kukubali, kama mtu anayeambiwa basi limechelewa. Alisema asijichoshe, kwamba yeye hana haraka, ila Rwamba ndiye aliye hai. Kisha akauliza kama mdomo wa ghala umeziba tena, kwa sababu amesikia unakohoa. Ndwiga alisema kwamba umeziba. Gitari alikuwa amemwambia mchana kwamba atafutwe mtu wa Jumapili.

"Nitakuja," Ciakuthii alisema. "Hutapiga simu."

Alipita ukutani mahali palipokuwa na msumari wake, akaugusa kwa mazoea, akatoka getini. Mlinzi alimpapasa mifuko kama alivyowapapasa wengine wote. Alizitoa makadamia tatu, akaziweka kwenye kopo.

Saa kumi na moja pikipiki ya Mithika ilipiga honi nje. Ndwiga alikuwa ameketi na bahasha mbili mbele yake, zote wazi. Ile ya Parokia ilikuwa na karatasi iliyokunjwa mara nne, iliyolainika kwa kushikwashikwa. Ile ya pili ilikuwa mpya na ndani yake mlikuwa na barua ya kumshukuru Ciakuthii kwa huduma yake. Kupitia mlango wazi wa ofisi ya ng'ambo alimwona Gitari akiwa amesimama dirishani, akiitazama pikipiki, kalamu mkononi.

Honi ilipigwa mara ya pili.

Ndwiga aliichukua barua ya Parokia akaisoma tena. Aliona kwamba mwandiko wa mstari wa mwisho umepanda kidogo kulia. Padri angeisoma mbele ya watu, na watu wangetaka kuiona. Isingefaa kutoka hivyo. Aliirudisha chini ya futi. Alisikia Mithika akiwasha pikipiki, akisubiri kidogo, akiondoka kuelekea Ishiara, na sauti ikapotea mteremkoni.

Dakika kumi baadaye Gitari alivuka ua, akaiweka karatasi yenye nembo kwenye dirisha la stoo. Wino wa sahihi ulikuwa bado unang'aa. Alimpa pongezi na kumwambia kwamba kuanzia Jumatatu atakuwa wa ishirini kwenye rejista, na kwamba achague kabati lolote analolitaka.

Ndwiga alishukuru kwa kazi hiyo. Alipobaki peke yake alichukua bahasha mpya, akaandika kwa herufi kubwa, nzuri, jina lote la Ciakuthii na namba ya kabati. Alilamba gundi, akaifunga, akaipigia muhuri wa kiwanda kwenye mkunjo. Alikwenda nayo kwenye chumba cha makabati. Sakafu ilikuwa imeoshwa, na maji yalikuwa yamepita chini ya miguu yote bila kugusa bodi. Mbele ya namba sabini na tatu alipiga goti, akapima kwa jicho tundu la chini kabisa, na akaisukuma bahasha kwa kidole. Upana ulitosha vizuri. Aliisikia ikianguka ndani, juu ya makadamia zilizokwisha kuanza kujaa.